Waifai Ipo, Intaneti Haipo: Tumpime Mgonjwa Kabla ya Kumpa Dawa

 

Somo la wiki hii limetokana na mwanafunzi mmoja wa darasa la wakubwa. Jumamosi iliyopita alikuja bila kazi ya nyumbani. Nilipomwuliza sababu, akanijibu kwa Kiingereza kwamba intaneti yao imeharibika. Nikamwambia, "Sawa, pole. Sasa nieleze kwa Kiswahili: ni nini hasa kimeharibika?" Akaanza, "Ile... ile boksi... ile taa yake..." akakwama hapo. Wenzake wakacheka. Nikawageukia wao, hakuna aliyefika mbali zaidi. Nikawatazama wazazi waliokuwa wamekaa nyuma wakisubiri, nao wakaangalia chini.

Kwa hiyo leo tutajifunza mambo mawili kwa pamoja: namna ya kutafuta ugonjwa wa ruta isiyoleta intaneti, na namna ya kuueleza ugonjwa huo kwa Kiswahili ambacho Bibi ataelewa.

Mimi si fundi. Mimi ni muuguzi. Lakini uuguzi umenifundisha kwamba mgonjwa akiletwa, hukimbilii sindano. Unamtazama, unamwuliza, unampima joto na mapigo ya moyo, unaandika, ndipo dawa ifuate. Jambo hilo nalijua vizuri nikiwa wodini. Siku moja nililisahau nyumbani, na likanigharimu.

Kilichonipata

Ilikuwa Januari, miaka michache iliyopita, hapa hapa Uingereza. Nilirudi kutoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi. Nyumba tuliyokaa wakati ule ilikuwa na kuta nene. Simu ya mkononi haikushika mtandao mpaka utoke nje ya mlango. Simu zote kutoka kwetu Tanga zilikuwa zinaniingilia kwa WhatsApp, kupitia waifai ya nyumbani.

Nikakuta taa ya ruta ni ya rangi ya chungwa, si rangi yake ya kila siku. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba. Nikaizima, nikaiwasha, hakuna kitu. Nikachukua pini ya mtandio, nikaiingiza kwenye kile kitundu kidogo cha nyuma, nikabonyeza na kuhesabu mpaka kumi. Taa zote zikazimika, zikawaka upya, na bado ni chungwa. Nikasema potelea mbali, nikaenda kulala.

Kumbe ruta yangu haikuwa na ugonjwa wowote. Mtaa mzima ulikuwa hauna intaneti, na ilipofika saa tatu ilikuwa imesharudi kwa kila mtu. Kwangu haikurudi, kwa sababu ile pini ilikuwa imefuta jina na nenosiri ambavyo ruta ilivitumia kujitambulisha kwa kampuni. Ningeiacha kama ilivyokuwa, ingerudi yenyewe nikiwa usingizini.

Asubuhi hiyo baba yangu mkubwa alifariki. Ndiye aliyenilea na kunilipia ada mpaka kidato cha nne. Ndugu zangu walinipigia tangu saa nne, tena na tena. Wakati wa baridi, Tanga iko mbele yetu kwa saa 3, na kwetu maiti hacheleweshwi. Akazikwa baada ya sala ya Alasiri, ambayo huku kwetu ilikuwa kama saa saba mchana. Mimi niliamka saa kumi, nikatoka nje kwenda kununua maziwa, na simu iliposhika mtandao ujumbe ukaanza kuingia mfululizo. Wa mwisho ulisema, "Tumeshamzika."

Kufika mazishini nisingeweza, hilo nalijua. Lakini ningemsikia mama, naye angenisikia, na dua ningeiitikia pamoja nao. Siandiki haya ili mnionee huruma. Nayaandika ili mtoto wa nyumba hii na ile, ambaye mara nyingi ndiye fundi wa familia, ajue kwamba kile kitundu si mahali pa kuanzia.

Kwanza tuelewe: waifai si intaneti

Watu wengi husema "waifai imekata" wakimaanisha kila kitu. Tufikirie maji. Ndani ya nyumba kuna mabomba yanayopeleka maji jikoni na bafuni. Nje, chini ya barabara, kuna bomba kuu. Bomba kuu likikauka, mabomba ya ndani yatakuwa mazima kabisa, lakini ukifungua hutapata tone.

Intaneti ya nyumbani nayo ina vipande vitatu:

Kipande cha kwanza ni kutoka kifaa chako (simu, kompyuta, televisheni) mpaka ruta. Hiyo ndiyo waifai. Ni mawimbi ya redio tu, hayatoki mbali.

Kipande cha pili ni kutoka ruta mpaka ukutani. Hapo kuna kebo. Nyumba zenye faiba huwa na kisanduku kidogo ukutani, ambacho hupokea mwanga kutoka kwenye waya mwembamba wa kioo na kuugeuza kuwa ishara ambazo ruta inazielewa.

Kipande cha tatu ni kutoka ukutani, kupitia barabarani, mpaka kwenye mitambo ya kampuni na kwingineko duniani.

Ile alama ya waifai juu ya simu yako inakupa habari za kipande cha kwanza peke yake. Ndiyo maana alama inaweza kujaa kabisa na bado video isifunguke. Kazi yetu ni kujua ni kipande gani kimekatika. Hiyo ndiyo kupima.

Maneno ya somo

Kuchomeka: kuingiza waya au plagi mahali pake.
Kuchomoa: kuutoa waya au plagi.
Kubonyeza: kukandamiza kitufe kwa kidole.
Kuwaka mfululizo: taa kuwaka bila kukatika.
Kuwaka na kuzima: taa kuwaka, kuzima, kuwaka tena.
Kifaa: chombo chochote cha kazi, hapa ni simu, kompyuta na kadhalika. Wingi: vifaa.
Nenosiri: maneno au namba za kufungulia. Nyumbani wengi husema paswedi.
Hitilafu: kasoro, jambo lililokwenda vibaya kwenye mtambo.
Mipangilio: mambo uliyoyachagua au yaliyowekwa ndani ya kifaa ili kifanye kazi unavyotaka.
Bando: intaneti ya simu unayoinunua kwa kipimo.

Hatua za kumpima mgonjwa

1. Uliza: ni kifaa kimoja au ni vyote?

Kabla ya kuigusa ruta, jaribu vifaa viwili au vitatu. Ikiwa simu ya dada inafungua na yako haifungui, ruta haina kosa. Tazama simu yako: je, ile alama ya ndege imewashwa? Je, umejiunga na waifai ya jirani au ya wageni? Je, tarehe na saa ni sahihi? Wengi hili la tarehe hawalijui. Tovuti nyingi huonyesha hati ya usalama yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kifaa kinachodhani tuko mwaka mwingine huikataa hati hiyo, kikakuambia tovuti si salama. Mambo hayo yote yakiwa sawa, iambie simu iusahau mtandao wa nyumbani, kisha ujiunge upya kwa nenosiri.

Tena, ikiwa ni programu moja tu inayogoma na nyingine zote zinafunguka, basi tatizo ni la programu hiyo. Subiri.

2. Zitazame taa, uzipige picha.

Huku ndiko kumpima joto. Rangi hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo soma kijitabu cha ruta yenu. Kwa jumla hali ni tatu.

Hakuna taa hata moja: ni umeme. Je, swichi ya soketi imewashwa? Je, waya wa umeme umeingia sawasawa nyuma ya ruta? Chomeka taa ya mezani kwenye soketi hiyo hiyo uone kama inawaka. Plagi za hapa Uingereza nyingi zina fyuzi ndani yake, nayo huungua.

Taa nyekundu au chungwa: mara nyingi ruta iko hai lakini haipati kitu kutoka nje. Kipande cha pili au cha tatu kina shida. Kwenye kisanduku cha faiba, taa yenye herufi LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kisanduku. Hapo huna la kufanya ndani ya nyumba zaidi ya kukagua kwamba waya haukuvutwa wala kukunjwa, halafu kupiga simu kwa kampuni.

Taa zote ni za kawaida: nje kuko salama, au angalau ruta inaona hivyo. Tafuta ndani: waifai au vifaa.

3. Kagua nyaya, moja moja.

Mtoto amevuta, paka amepita, mashine ya kusafisha zulia imegonga. Chomoa kebo, chomeka tena mpaka usikie "tik". Hakikisha kebo inayotoka ukutani imeingia kwenye tundu lake, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti au limeandikwa WAN, na si kwenye matundu mengine yaliyopangana. Nyumba ambazo intaneti bado inapita kwenye waya wa simu wa shaba huwa na kichujio kidogo mahali waya unapoingia ukutani. Hicho nacho huharibika.

Watoto, sikilizeni hapa: waya wa faiba ukichomoka, usiuchungulie ndani. Mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Mwite mtu mzima.

4. Mwulize jirani.

Hatua hii ndiyo niliyoiruka mimi. Mgongee jirani, au tumia bando la simu kufungua ukurasa wa kampuni unaoonyesha hitilafu za mtaani kwenu. Ikiwa mtaa mzima hauna, acha kila kitu kama kilivyo. Usichomoe, usibonyeze. Kunywa chai, itarudi. Na wazazi wenzangu, tukiwa hapo hapo, tuhakikishe pia kwamba bili imelipwa. Tusione haya, hutokea.

5. Zima, subiri, washa, subiri.

Ikiwa majirani wanayo na wewe huna, sasa ndiyo zamu ya dawa nyepesi. Zima ruta kwenye umeme. Subiri sekunde 30, kwa sababu ndani yake hubaki umeme kidogo ambao haupotei mara moja, na tunataka isahau kabisa ilikokuwa imekwama. Kama kuna kisanduku cha faiba chenye umeme wake, kizime nacho; wakati wa kuwasha, anza na kisanduku, taa zake zikitulia ndipo uwashe ruta. Kisha subiri kama dakika 5 hivi bila kuigusa. Inajitambulisha kwa kampuni, inaomba anwani, inawasha waifai. Taa kuwaka na kuzima katika dakika hizo ni jambo la kawaida.

Fanya hivyo mara moja, au mara mbili basi. Usizime na kuwasha mara kumi. Kwenye nyumba za waya wa shaba, mitambo ya nje inaweza kudhani laini yako ni mbovu na kuipunguzia kasi.

6. Jaribu kwa kebo.

Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa kebo. Ikifungua kurasa kwa kebo na kwa waifai haifungui, mgonjwa ni waifai peke yake. Hapo tazama ruta imewekwa wapi. Ndani ya kabati huchemka. Nyuma ya televisheni na karibu na tangi la samaki, mawimbi huzuiwa. Jikoni napo si pazuri, maana jiko la maikrowevu hutumia mawimbi ya eneo lile lile la gigahezi 2.4 linalotumiwa na waifai. Ruta nyingi za sasa zina waifai ya aina mbili: ya 2.4, inayopenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole, na ya 5, yenye kasi lakini huchoka njiani. Chumba cha juu kikiwa hakipati, jaribu ile ya 2.4.

7. Piga simu kwa kampuni, ukiwa na ripoti.

Wodini, zamu zinapobadilishana, muuguzi anayeondoka humweleza anayeingia: mgonjwa ni nani, ana nini, ilianza lini, tumeshafanya nini. Fanya vivyo hivyo. Uwe na namba ya akaunti mkononi. Sema: "Haipo tangu saa moja jioni. Vifaa vyote havipati. Taa ni nyekundu. Nyaya tumezikagua, ruta tumeizima na kuiwasha mara moja, jirani anayo." Ukisema hivyo hawatakurudisha mwanzo mara nne, au ukirudishwa utajua la kujibu.

Piga mapema, usingoje wiki. Hapa Uingereza kampuni nyingi kubwa zimo katika mpango wa fidia unaosimamiwa na Ofcom, ulioanza tarehe 1 Aprili 2019. Huduma iliyokatika kabisa isiporudishwa ndani ya siku 2 kamili za kazi, mteja wa kampuni hizo hulipwa fidia bila kuiomba. Lakini siku huhesabiwa tangu ulipotoa taarifa. Usipotoa taarifa, hakuna kinachohesabiwa.

Na kile kitundu?

Kile kitundu hurudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani. Kinafuta jina la waifai ulilochagua, nenosiri lako, na kwa kampuni nyingine hata utambulisho wa laini. Ni kama upasuaji. Upasuaji upo na una siku yake, lakini haufanywi mlangoni. Usikibonyeze mpaka umeongea na kampuni, wao ndio wamekuambia, na una karatasi yenye maelezo ya kuiunganisha upya.

Tahadhari kwa wazazi

Tofauti iko hapa: wewe kuipigia kampuni ni sawa, mtu kukupigia akisema ni wa kampuni ya intaneti, ruta yako ina virusi, weka programu hii ili nikusaidie, huyo mkatie simu. Akishaingia kwenye kompyuta yako anatafuta benki. Kama una wasiwasi kwamba labda ni kweli, tafuta namba iliyo kwenye bili yako, upige mwenyewe.

Jambo la pili ni simu ya mezani. Mtandao wa zamani wa simu za mezani unazimwa, na mpango wa hapa Uingereza ni kukamilisha kazi hiyo kufikia Januari 2027. Simu ya mezani sasa inachomekwa kwenye ruta. Ruta ikizimika, simu nayo imekufa, na hata kile kidude cha shingoni ambacho wazee hukibonyeza wakianguka kinaweza kushindwa kupiga. Kama kwenu kuna mzee au mgonjwa anayetegemea simu hiyo, iambieni kampuni yenu wazi, waulizeni kuhusu betri ya akiba, na hakikisheni kuna simu ya mkononi yenye chaji. Namba 999 haihitaji bando wala salio.

Sarufi: kutenda na kutendua

Tazameni maneno haya mawili: chomeka, chomoa. La pili linavunja kazi ya la kwanza. Kiswahili kina vitenzi vingi vya namna hiyo, na wengi mnavijua bila kujua kwamba mnavijua:

funga – fungua
kunja – kunjua
ziba – zibua
bandika – bandua
tega – tegua

Ukisikia mwisho wa -ua au -oa, jiulize kama kuna jambo linalofunguliwa. Lakini msikimbilie. Kuunga ni kuweka pamoja, lakini kuungua si kutenganisha. Kuungua ni kuchomwa na moto. Na kinyume cha kuwasha ni kuzima. Hapo hakuna ujanja, ni kukariri.

Sasa tazameni masharti. Kumpima mgonjwa ni kazi ya masharti mwanzo hadi mwisho:

Ukiona taa nyekundu, piga simu. (-ki-: jambo likiwa hivyo)
Usipoona taa yoyote, kagua umeme. (-sipo-: jambo lisipokuwa hivyo)
Ningeiacha ruta, intaneti ingerudi. (-nge-: jambo ambalo halikuwa)

Wengi wenu husema "kama hauoni taa". Utaeleweka, lakini "usipoona taa" ni fupi na ni tamu zaidi. Na -nge-, tujitahidi tuitumie darasani tu.

Mazungumzo

Bibi amekuja kutembea kutoka Tanga. Yuko nyumbani peke yake, wajukuu wako darasa la Jumamosi. Anapiga simu ya kawaida. Someni wawili wawili, kisha mbadilishane.

Mjukuu: Shikamoo Bibi.

Bibi: Marahaba mume wangu. Hii televisheni yenu imegoma. Nilikuwa naangalia mawaidha, mara ikaganda.

Mjukuu: Pole Bibi. Je, simu yako nayo haipati intaneti?

Bibi: Nayo haipati. Ile alama ya kama upepeo ipo, lakini picha za shangazi yako hazifunguki.

Mjukuu: Basi waifai ipo, intaneti ndiyo haipo. Nenda pale karibu na dirisha, kuna boksi jeusi limesimama. Taa yake ni ya rangi gani?

Bibi: Ngoja nivae miwani. Nyekundu, mume wangu. Inawaka na kuzima.

Mjukuu: Nyuma yake kuna nyaya mbili. Zote zimechomekwa?

Bibi: Mmoja uko chini. Nadhani nimeupitia nilipokuwa nafagia.

Mjukuu: Hapo ndipo penyewe! Una rangi gani?

Bibi: Wa manjano.

Mjukuu: Uchomeke kwenye tundu lenye rangi ya manjano, usukume mpaka usikie "tik".

Bibi: Tik. Nimesikia. Sasa na hiki kitundu kidogo hapa kimeandikwa maneno, nikitoboe na sindano?

Mjukuu: Hapana Bibi! Hicho usikiguse kabisa! Subiri dakika tano tu.

Bibi: Haya, nimeacha. Kwani mnafundishwa na haya huko?

Mjukuu: Leo ndiyo tumefundishwa.

Mazoezi

1. Jibu kwa sentensi kamili: Simu ya kaka inafungua video, yako haifungui. Je, utazima ruta? Kwa nini?

2. Jaza: (a) Uki____ taa ya LOS ni nyekundu, usi____ kwenye waya wa faiba. (b) Usipo____ jibu kwa jirani, fungua ukurasa wa kampuni.

3. Andika kinyume: kuchomeka, kufunga, kuwasha, kubandika.

4. Bibi alijua kwamba waifai ipo. Alijuaje? Na mjukuu alijuaje kwamba tatizo si televisheni peke yake?

5. Wakubwa: andikeni sentensi tatu zenye -nge- kuhusu kilichompata Mwalimu. Msiogope kuandika.

Majibu tutayafanya pamoja Jumamosi.

Kazi ya familia nzima

Leo jioni, ruta ikiwa nzima, mtoto na mzazi wakae pamoja kama nusu saa. Piga picha taa zake jinsi zinavyokuwa siku njema, ili siku ya ugonjwa ujue tofauti. Chukueni kadi moja, mwandike kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa mtoto: rangi ya taa njema, namba ya simu ya kampuni, mahali bili zinapowekwa, na zile hatua saba kwa maneno machache. Nenosiri la waifai na namba ya akaunti ziwekwe anapopajua mzazi, si kwenye kadi ambayo kila mgeni ataiona. Ibandikeni karibu na ruta. Chini kabisa andikeni: KITUNDU, HAPANA.

Halafu mpigieni simu Bibi au Babu, huko Tanga, Mombasa, Unguja au Bujumbura, mumwelezee kwa Kiswahili mlichojifunza. Asipoelewa, kosa ni letu. Turudi darasani tukatafute maneno mazuri zaidi. Akielewa, mwulizeni naye intaneti yake huko anaipataje, mje mtuambie.

Kadi zenu mje nazo Jumamosi. Yangu imebandikwa juu ya ruta tangu mwaka ule.